Kipandauso, mshipa wa shingo na kiharusi: uhusiano wake ni upi?

Mwenye kipandauso huyazoea maumivu yake. Anajua upande wa kichwa utakaogonga, anajua atachefukwa na kuuchukia mwanga, na kwamba akijilaza gizani, kesho au keshokutwa yatapita. Hatari imejificha kwenye mazoea hayo. Yapo maumivu yanayofanana na kipandauso, kumbe ni mshipa wa shingo uliochanika, na yanaweza kuishia kwenye kiharusi.

Shingoni mna mishipa minne mikubwa ya kupeleka damu kwenye ubongo. Miwili iko mbele, ile unayoisikia ikidunda ukiweka vidole pembeni mwa koo. Miwili mingine hupita nyuma, ndani ya mifupa ya shingo. Ukuta wa mshipa una matabaka. La ndani likichanika, damu hupenya ukutani, ukuta huvimba na njia huwa nyembamba. Damu huganda hapo, na bonge likichomoka hupanda hadi kwenye ubongo na kuziba. Hicho ndicho kiharusi, na huweza kuja siku hiyo hiyo au siku kadhaa baadaye.

Wengi tunadhani kiharusi ni cha wazee wenye presha. Kwa walio chini ya miaka 50, kuchanika huku ni moja ya sababu kubwa. Tafiti zimeonyesha kuwa wenye kipandauso hupatwa nako karibu mara mbili zaidi ya wengine, na inadhaniwa kuta za mishipa ya baadhi yao ni dhaifu. Usishtuke lakini: ni tatizo adimu, na wengi mno wenye kipandauso hawatalipata maishani.

Mshipa huweza kuchanika kwa ajali ya pikipiki, kwa kunyanyua mzigo mzito, hata kwa kikohozi kikali. Mara nyingine hakuna sababu inayoonekana. Halafu kuna mtindo wa baadhi ya vinyozi wetu: akimaliza kunyoa anakushika kidevu na kuizungusha shingo ghafla mpaka ilie. Kukandwa mabega hakuna neno. Hilo la kuvunja shingo likatae, na usione haya.

Utatofautishaje? Jiulize kama haya ndiyo maumivu yako ya siku zote. Yakiwa mapya, yakiwa upande mmoja wa shingo au nyuma ya kichwa, hasa baada ya kuumia, nenda hospitali. Nenda pia kope moja ikilegea, mboni ya jicho hilo ikiwa ndogo kuliko nyingine, au ukisikia mvumo sikioni unaokwenda na mapigo ya moyo.

Wapo ambao kabla ya kichwa kuuma huona vimulimuli au mistari ya mwanga. Hao wana hatari zaidi ya kiharusi hata bila mshipa kuchanika, na sigara huiongeza. Mama mwenye dalili hizo amwambie mhudumu kabla ya kupewa vidonge vya uzazi wa mpango, kwani vile vyenye homoni ya estrojeni havimfai. Njia nyingine zipo. Vimulimuli hivyo huja polepole, vikaenea kwa dakika kadhaa na kuisha ndani ya saa moja. Kiharusi huja ghafla.

Kwa hiyo uso ukipinda, mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika, usisubiri kuona kama ni kipandauso, wala usipoteze siku ukitafuta aliyemroga mgonjwa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Usimpe aspirini nyumbani, kwa sababu kiharusi kingine ni cha damu kuvuja, na hospitali hutofautisha kwa picha ya kichwa. Usimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Angalia saa dalili zilipoanza, na ukifika mwambie daktari saa hiyo, kisha umtajie na shingo: iliumia lini, na nani aliigusa.