PDF au EPUB: mzee wa kanisa atasoma ipi?

Vitabu vya mafundisho tunavyotumiana kwa simu karibu vyote ni PDF. Adobe waliitoa mwaka 1993 ili ukurasa ubaki vile ulivyo popote. Inafaa kwa kuchapa, na mwanafunzi wa teolojia anayetaja namba ya ukurasa ataihitaji. Lakini ukurasa wa A4 kwenye kifaa cha kusomea cha inchi 6 unakuwa na herufi kama sisimizi. Ukiukuza, unausukuma kulia na kushoto kwa kila mstari, na mzee mwenye macho dhaifu anaacha kusoma. Kitabu kilichopigwa picha ni kibaya zaidi: mara nyingi huwezi hata kutafuta neno ndani yake.

EPUB, ya tangu 2007, hupanga maneno kufuata kioo. Ukikuza herufi, mistari inajipanga yenyewe. Wenye Kindle wanaweza kuituma kupitia huduma ya Amazon, ambayo inaipokea tangu 2022. (Vitabu vinavyonunuliwa huko ni jambo lingine: vingi vimefungwa kwa akaunti ya mnunuzi, jirani hapati.) Anayeandika somo la Jumapili kwa LibreOffice alihifadhi mara mbili: PDF kwa kuchapa, EPUB kwa kusoma.