Mbwa Wetu na Safari ya Pemba

"Baba, na Simba naye atakwenda?"

Swali hilo liliulizwa na mtoto wa jirani yangu hapa Dar es Salaam, jioni ambayo wazazi wake walikuwa wakipanga likizo. Hema lilikwisha azimwa na gari lilikwisha tengenezwa. Nia yao ilikuwa kuvuka bahari na kuizunguka Pemba shamba kwa shamba, kama wafanyavyo watu wa Ulaya wanaokokota karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu, nyuma ya motokaa zao. Simba ni mbwa wao. Baba alinyamaza. Mama akauliza, "Cheti chake cha chanjo kiko wapi?"

Ndugu msomaji, nani asiyeitamani Pemba? Ni kisiwa chenye urefu wa kilometa 67 hivi. Meli zibebazo magari hutia nanga Mkoani, na kutoka hapo barabara hupanda na kushuka vilima vya mikarafuu hadi Chake Chake, Wete na Konde. Wakati wa mavuno karafuu huanikwa majamvini, na harufu yake humpokea mgeni kabla ya wenyeji. Njiani utapishana na gari la ng'ombe lililosheheni mzigo. Mpishe, kwani naye yumo kazini. Huko Pujini yapo magofu ya ngome inayosimuliwa kuwa ya Mkama Ndume. Kaskazini upo msitu wa Ngezi, na Kidike wapo popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana porini mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1980 walikaribia kutoweka. Wanavijiji walisaidia kuwaokoa.

Lakini lipo jambo jingine ambalo Wapemba wamelipigania, nalo ndilo linalomhusu Simba. Ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukisha onyesha dalili kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Kwa kampeni za kuwachanja mbwa, Pemba iliutokomeza. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, na ikabidi kazi ianze upya hadi ulipokomeshwa mwaka 2018. Bahari ni ukuta mzuri, lakini jahazi moja lenye mbwa mmoja mgonjwa latosha kuubomoa. Tena mbwa aliyeambukizwa aweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, akicheza na watoto kana kwamba hana lolote. Kwa hiyo chanjo ya haraka siku ya kuamkia safari si dhamana.

Cheti cha Simba kilipatikana kabatini. Muda wake ulikuwa umepita.

Liko pia suala la adabu. Wapo wakulima wa Pemba wafugao mbwa wa kulinda mazao, lakini wenyeji wengi ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Mgeni anayekaribishwa barazani hawezi kumwachia mbwa wake alambe vyombo vya mwenyeji. Na anayetaka kupiga hema kijijini na amwone kwanza sheha. 

Anayelazimika kusafiri na mbwa aulize mapema idara ya mifugo juu ya chanjo na kibali. Na yeyote aumwaye na mbwa, popote alipo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Asingoje dalili.

Mtoto alilia usiku ule. Asubuhi alimfunga Simba kamba, akaandamana na baba yake hadi kwa daktari wa mifugo, kisha kwa bibi yake Temeke, ambako mbwa atakaa hadi familia irudi. Kabla ya kuondoka alimwinamia na kumwahidi kwamba atamsimulia habari za popo.