Amplifaya ya vali kwa volti 12: kuijenga kwa gharama ndogo na kuitafutia hitilafu

Muuzaji wa spea za elektroniki, awe Luthuli jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam, akiulizwa vali aina ya 12AU7 anaweza kudhani mteja anafufua redio ya babu yake. Huenda sivyo. Wapo mafundi na wapenzi wa muziki wanaojijengea wenyewe amplifaya ndogo ya hedifoni yenye vali, kwa sababu ni kazi ya spea chache na inatumia umeme wa volti 12 tu.

Makala haya yanawahusu watu wa aina mbili: mfanyabiashara anayeagiza, kuvusha na kuuza spea hizi, na dereva wa masafa marefu mwenye betri garini na saa nyingi za kusubiri foleni mpakani. Kifaa hiki hakihitaji fundi mkubwa. Kinahitaji mita ya kupimia umeme na utaratibu wa kupima. Kipimo kimoja kikirukwa, hedifoni ya bei kubwa kuliko amplifaya yenyewe inaweza kuungua, na lawama humwangukia aliyeuza spea hata kama spea zake ni nzima.

Vali ni nini, na kwa nini volti 12

Vali ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa, ile iliyokuwa ikiwaka rangi ya machungwa ndani ya redio za zamani. Ndani yake kuna hita inayopasha moto kathodi, gridi inayopokea sauti ndogo, na anodi inayotoa sauti iliyokuzwa. 12AU7, ambayo Ulaya huitwa ECC82, ina vali mbili ndani ya kioo kimoja, hivyo moja inatosha kwa sikio la kulia na la kushoto.

Amplifaya nyingi za vali hutumia volti 200 hadi 300 au zaidi. Umeme huo unaua, na hubaki ndani ya kapasita hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kwa anayeanza, hiyo si shule nzuri.

Volti 12 si jambo geni kwa vali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 viwanda vya Marekani na Ulaya vilitengeneza vali za redio za magari zilizotumia betri ya gari moja kwa moja, kama 12AE6 na ECC86. 12AU7 haikukusudiwa kwa volti ndogo hivyo, lakini inafanya kazi kwa mkondo mdogo. Haina nguvu ya kusukuma hedifoni peke yake, kwa hiyo hufuatiwa na transista aina ya mosfeti, IRF510, ambayo ndiyo hubeba mzigo.

Spea zinazohitajika

Kwa pande zote mbili: vali moja ya 12AU7 na soketi yake ya miguu 9, kitasa cha sauti cha pande mbili, soketi ya hedifoni, fyuzi, na adapta ya volti 12 DC yenye ampea 1.5.

Kwa kila upande: IRF510 moja, IC moja ya LM317, bati la kupoozea kwa kila moja, trima ya kilo-ohm 100, kapasita ya kutolea sauti ya mikrofaradi 470 volti 25, na rezista na kapasita ndogo chache.

LM317 hapa haitumiki kupunguza volti. Inatumika kushika mkondo usibadilike. Ikiwekewa rezista ya ohm 5, inapitisha ampea 0.25, kwa sababu daima inashikilia volti 1.25 juu ya rezista hiyo. Ukikosa ohm 5, unganisha mbili za ohm 10 sambamba.

Hesabu ya umeme ni rahisi. Kila upande unakula ampea 0.25, na hita ya vali ampea 0.15. Jumla ni ampea 0.65, yaani wati 8 hivi. Adapta iliyoandikwa ampea 1 lakini inatoa nusu yake haifai.

Namna ya kuunganisha

Hita iko miguu ya 4 na 5. Mguu wa 9 huachwa wazi. Upande wa kwanza ni anodi mguu wa 1, gridi 2, kathodi 3. Upande wa pili ni anodi 6, gridi 7, kathodi 8. Miguu huhesabiwa kwa kutazama soketi kwa chini, kuanzia kwenye pengo, kufuata mwendo wa saa. Anayehesabu kwa kutazama juu hugeuza kila kitu.

Sauti huingia kwenye kitasa, kisha gridi. Kathodi huenda hasi kama mchoro unavyoelekeza. Anodi hupata umeme kupitia rezista ya kilo-ohm 10 hadi 47. Chagua itakayoiacha anodi kwenye volti 5 hadi 8. Kutoka anodi, sauti hupita kapasita ya mikrofaradi 0.22 kwenda geti ya mosfeti.

Geti hupata volti zake kutoka mkono wa kati wa trima kupitia rezista ya mega-ohm 1. Weka pia kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mkono huo na hasi. Dreni huenda chanya ya volti 12. Sosi huenda LM317, na kutoka sosi hiyo hiyo sauti hupita kapasita ya mikrofaradi 470 kwenda hedifoni, upande wa chanya wa kapasita ukiwa kwenye sosi. Baada ya kapasita weka rezista ya kilo-ohm 1 kwenda hasi.

Kumbuka kuwa bati la mgongoni mwa IRF510 limeungana na dreni, na la LM317 limeungana na mguu wake wa kutolea umeme. Yote mawili yakifungwa kwenye boksi moja la chuma bila karatasi ya kuzuia umeme, yanagusana. Kuyapa kila moja bati lake ni rahisi zaidi.

Vipimo kabla ya kuchomeka hedifoni

Fuata mpangilio huu bila kuruka.

1. Kabla ya umeme, pima kati ya chanya na hasi. Mita isionyeshe kuwa zimegusana.

2. Washa bila vali na bila hedifoni. Pima miguu ya 4 na 5 ya soketi: ziwe volti 12.

3. Zima, weka vali, washa tena na usubiri dakika moja. Mwanga wake ni hafifu. Mchana unaweza usiuone. Gusa kioo kwa tahadhari: kiwe na joto.

4. Pima sosi ya kila mosfeti. Zungusha trima hadi ifike volti 6 au 7. Wakati huo geti huwa karibu volti 10. Rudia baada ya dakika 15, maana joto hubadilisha kipimo.

5. Pima juu ya rezista ya ohm 5: iwe 1.25. Ikiwa pungufu sana, LM317 haishiki mkondo.

6. Mahali pa hedifoni weka rezista ya ohm 33 na upime volti za DC juu yake. Baada ya dakika moja mita isome karibu sifuri, chini ya volti 0.05. Ukisoma volti nzima, kapasita ya kutolea sauti imegeuzwa au inavuja. Hiki ndicho kipimo kinachookoa hedifoni.

Hata kila kitu kikiwa sawa, kapasita hujaa wakati wa kuwasha na kutoa kishindo. Washa kwanza, subiri dakika moja, ndipo uchomeke hedifoni. Jaribu kwanza na hedifoni ya bei rahisi.

Hitilafu za kawaida

Vali ni baridi. Ichomoe na upime ukinzani kati ya miguu yake ya 4 na 5. Hita nzima ikiwa baridi inasoma ukinzani mdogo. Mita isiposoma chochote, hita imekatika na vali ni ya kutupa. Ikiwa nzima, tatizo liko kwenye soketi au lehemu.

Upande mmoja kimya. Linganisha pande mbili, maana zinapaswa kufanana: mguu wa 1 na wa 6, kisha sosi kwa sosi. Tofauti inapoanzia ndipo hitilafu ilipo. Zikilingana zote, badilishana waya za kuingiza sauti; ukimya ukihama, kosa liko kwenye waya au simu inayotoa muziki.

Mvumo. Punguza sauti hadi mwisho. Mvumo ukitoweka, unatoka kwenye waya wa kuingiza. Ukibaki, washa kwa betri badala ya adapta. Ukitoweka hapo, adapta ni chafu. Hakikisha ile kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye trima ipo, maana bila hiyo uchafu wa adapta unaingia moja kwa moja kwenye geti. Kabla ya rezista za anodi unaweza kuongeza rezista ya ohm 470 na kapasita ya mikrofaradi 470 kwenda hasi. Waya zote za hasi zikutane mahali pamoja.

Mluzi au mosfeti kuchemka kupita kiasi. Huenda inatetemeka kwa masafa ya redio ambayo sikio halisikii. Weka rezista ya ohm 100 hadi 1,000 karibu kabisa na mguu wa geti.

Kukwaruza. Zungusha kitasa, kikikwaruza kina vumbi. Gonga vali polepole kwa penseli. Mlio mdogo ni kawaida, mkubwa ni dalili ya vali mbovu au miguu michafu.

Besi hafifu. Kwa hedifoni ya ohm 32, mikrofaradi 470 hushuka hadi hezi 11 hivi. Mtu akiweka 100 ili kuokoa pesa, sauti inaanza kukatika kwenye hezi 50.

Sauti kuvunjika ikipandishwa. Pima tena sosi, kisha pima adapta ikiwa na mzigo. Ikishuka hadi volti 10, ibadilishe.

Kwenye gari

Injini ikiwaka, gari la volti 12 hutoa 13.8 hadi 14.4. Hita ya 12AU7 imetengenezwa kwa 12.6, na kuizidisha kila siku hupunguza umri wake. Malori mengi ni ya volti 24, nayo hufika 28. Tumia kifaa cha kushusha umeme hadi 12. Usichukue volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hizo zitachajika bila usawa na zote zitakufa mapema. Fyuzi ya ampea 2 ikae karibu na betri, maana waya ukichubuka ni betri itakayoulisha moto.

Kwa saa 10 za kusubiri, kifaa kinakula ampea-saa 6.5. Betri nzima ya lori haitaona shida. Amplifaya itumike gari likiwa limeegeshwa. Dereva mwenye hedifoni masikioni hasikii honi.

Kununua na kuvusha

Vali mpya bado zinatengenezwa China, Slovakia na Urusi. Machi 2022 Urusi ilisimamisha kwa muda uuzaji wa vali nje, na wanunuzi wakaona jinsi soko hili linavyotegemea viwanda vichache.

ECC82 ni 12AU7 ile ile, na 5814A na 6189 huingia mahali pake. 12AX7 ina mpangilio sawa wa miguu lakini kwa volti 12 matokeo yake ni duni. Hatari ni ECC88, 6922 na 6N1P: zinaingia kwenye soketi hiyo hiyo, lakini hita yake ni ya volti 6.3. Ukizipa 12 zinaungua. Muuzaji asimwambie mteja kuwa "zote ni za miguu tisa". IRF510 na LM317 za bandia nazo zipo. Jaribu moja moja kabla ya kununua mzigo.

Mpakani, kuandika "spea" kwa boksi zima ni kujitafutia ucheleweshaji. Namba za HS ni tofauti: vali za kupokea na kukuza 8540.81, amplifaya za sauti 8518.40, hedifoni 8518.30, kapasita 8532, rezista 8533, transista 8541 na IC 8542. Ankara itaje kila aina na idadi yake.

Cheti rahisi cha uasili ndani ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizotokana na nchi wanachama na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Vali ya China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kupitia Mombasa. Mzigo uliokwisha kulipiwa ushuru usafiri na nyaraka za malipo hayo.

Vali zifungwe moja moja ndani ya boksi lenye sifongo, maana barabara mbaya hukata nyuzi za ndani bila kuvunja kioo. Zikifika, pima miguu ya 4 na 5 ya kila moja kabla ya kusaini kupokea mzigo. Kipimo hicho ni cha sekunde chache, na ndicho kitakachoonyesha kama hasara ni ya msafirishaji, ya muuzaji au ya mnunuzi.