Mkate wa Mdalasini kwa Mashine ya Nyumbani: Vipimo Vinavyofaa Geita

Mashine ya kuoka mkate nyumbani ni kifaa cha umeme chenye chombo kimoja ambamo unga, maziwa, hamira na viungo vingine huchanganywa, hukandwa, huachwa viumuke na hatimaye huokwa bila kuhamishwa, kazi ambayo kwa mkate wa kawaida huchukua kati ya saa tatu na nne. Ndani ya chombo hicho mna mkono mdogo wa kukandia unaozungushwa na mota, pembeni mwake mna waya wa kutoa joto, na juu ya mashine kuna saa ya kielektroniki inayoamua kila hatua ianze lini na ikome lini. Saa hiyo ndiyo nguvu ya mashine na ndiyo udhaifu wake, kwa kuwa hufuata dakika zilizopangwa kiwandani pasipo kujua kama unga uliomo ni hafifu, kama jiko lina joto la mchana wa kiangazi, au kama mji wenyewe uko pwani au bara. Geita iko katika mwinuko wa kati ya mita 1,200 na 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo vipimo vilivyoandikwa kwa ajili ya jiko la Osaka au London huhitaji kurekebishwa kabla ya kutumika Geita mjini, Katoro au Kahama, hasa mkate unapokuwa mtamu na wenye mdalasini.

Historia ya mashine yenyewe inaonyesha ni ujuzi upi uliowekwa ndani yake na ni upi ulioachwa mikononi mwa mwokaji. Mnamo mwaka 1985 kampuni ya Matsushita ya Osaka, ambayo siku hizi huitwa Panasonic, ilikuwa na mashine ya majaribio iliyounguza ganda la mkate huku katikati pakibaki pabichi, na mtaalamu wake wa programu, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kazi kwa mwokaji mkuu wa hoteli ya Osaka International. Aligundua kwamba mwokaji yule alipokanda alivuta kinyunya, yaani donge la unga uliolowana, na papo hapo akakisokota, jambo ambalo mota peke yake haikuweza kuliiga. Wahandisi wakaongeza miinuko myembamba kwenye kuta za ndani za chombo ili kinyunya kikamatwe na kuvutwa, na mwaka 1987 mashine ikaingia sokoni. Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi walikieleza kisa hicho katika kitabu chao cha mwaka 1995 kuhusu namna kampuni zinavyozalisha maarifa. Kwa maneno mengine, mashine ilirithi mkono wa mwokaji lakini haikurithi jicho lake, na jicho hilo ndilo linalotakiwa kutoka kwa mwenye jiko.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni unga. Mkate huumuka kwa sababu ya gluteni, ambayo ni utando unaojengeka pale protini mbili za ngano, gliadini na glutenini, zinapolowana na kukandwa, na utando huo hunasa hewa ya kaboni dayoksaidi inayotolewa na hamira. Udaga, sembe na unga wa michembe havina gluteni, kwa hiyo haviwezi kushika nafasi ya ngano katika mashine hii. Ngano inayosagwa nchini kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje, licha ya mashamba makubwa ya Hanang yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970, na nguvu ya unga inaweza kutofautiana kati ya shehena moja na nyingine hata kama mfuko ni uleule. Ikiwa mfuko unaonyesha kiasi cha protini, gramu 11 hadi 12 kwa kila gramu 100 za unga zinatosha. Ikiwa hauonyeshi, kipimo cha nyumbani ni kukanda gramu 100 za unga kwa mililita 60 za maji, kuliacha donge litulie nusu saa, kisha kuliosha taratibu ndani ya bakuli la maji, maji yakibadilishwa mpaka yasiwe meupe tena: kinachobaki mkononi, kitu cha kijivujivu kinachovutika, ni gluteni mbichi, na ikifika gramu 28 au zaidi unga huo unafaa kwa mkate. Ukiondoa ile nusu saa ya kutulia, ni kazi ya robo saa, na inastahili kufanywa kila mfuko mpya unapofunguliwa.

Mwinuko nao huigusa hamira kwa njia isiyoonekana. Katika mita 1,250 mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani, na hewa iliyonaswa ndani ya kinyunya, kwa kukosa kizuizi kilekile cha nje, hutanuka zaidi na haraka zaidi. Hamira ni kuvu wa seli moja, Saccharomyces cerevisiae, anayekula sukari na kutoa kaboni dayoksaidi pamoja na kileo kidogo, kazi ambayo Louis Pasteur alianza kuithibitisha mwishoni mwa miaka ya 1850, na kuvu huyo hustawi katika nyuzijoto 25 hadi 35 za Selsiasi, kiwango ambacho jiko la Geita hukifikia mchana bila msaada wa mashine. Mwinuko na joto vikiungana, kinyunya huumuka na kufikia kilele kabla ya saa ya mashine kuruhusu kuoka, utando wa gluteni huchoka, na mkate hutoka ukiwa umebonyea katikati, kasoro ambayo wengi huilaumu mashine ilhali chanzo chake ni vipimo. Tiba yake ni kupunguza hamira kwa robo, kutumia maziwa yaliyotoka kwenye jokofu badala ya yale ya vuguvugu yanayotajwa katika vitabu vingi vya mapishi, na kutopunguza chumvi, kwa kuwa chumvi huituliza hamira na kuukaza utando.

Mdalasini ndio unaoleta ugumu wa pekee. Harufu yake hutokana na sinamaldehaidi, kemikali iliyomo katika mafuta ya gome la mti huo, na kemikali hiyo ina tabia ya kuzuia ukuaji wa kuvu na bakteria, hamira ikiwemo. Kijiko kimoja cha chai, yaani gramu 2.5 hivi, katika gramu 450 za unga hakileti madhara ya kutajika. Lakini mwenye kupenda harufu kali akiongeza vijiko vitatu au vinne ndani ya kinyunya, huongeza harufu huku akiidumaza ileile hamira inayotegemewa kuinua mkate. Sukari nayo, ikizidi sehemu ya kumi ya uzito wa unga, huvuta maji kutoka katika seli za hamira na kuipunguzia kasi. Mkate mtamu wa mdalasini una vizuizi hivyo viwili kwa pamoja, na ndiyo maana waokaji wenye uzoefu huweka mdalasini kidogo ndani ya kinyunya na kuuacha ulio mwingi uingie baadaye, katika mkunjo.

Aina ya mdalasini pia ina uzito wake. Mdalasini unaolimwa Zanzibar, katika Usambara ya Mashariki wilayani Muheza na kwenye miteremko ya Uluguru ni Cinnamomum verum, mti wenye asili ya Sri Lanka. Gome lake likikauka huwa jembamba na hujikunja matabaka mengi, na harufu yake ni tulivu. Kasia, jamaa yake kutoka Uchina na Asia ya Kusini-Mashariki, ina gome nene linalojikunja tabaka moja, ladha kali zaidi, na kumarini nyingi zaidi, kemikali ambayo kwa wingi inaweza kulidhuru ini na ambayo Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeiwekea kikomo cha miligramu 0.1 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa familia inayooka mara kwa mara, na hasa yenye watoto wadogo, kununua vijiti vya mdalasini wa Tanzania na kuvisaga nyumbani ni uamuzi bora kuliko unga wa mdalasini usiojulikana ulikotoka, maana kijiti hutambulika kwa macho na unga hautambuliki.

Kwa mkate wa takriban gramu 750, vipimo vinavyofaa mazingira haya ni unga wa ngano gramu 450, maziwa mililita 280, siagi gramu 40, sukari gramu 45, chumvi gramu 7, hamira ya chenga gramu 4 na mdalasini gramu 2.5. Maziwa ya ng'ombe yanayonunuliwa kwa wafugaji sharti yachemshwe kwanza, kwa usalama na kwa sababu nyingine isiyofahamika sana: joto hubadilisha protini za majimaji ya maziwa ambazo, zikibaki mbichi, huulegeza utando wa gluteni. Baada ya kupozwa kwenye jokofu hutiwa chomboni kwanza, yakifuatiwa na siagi, sukari na chumvi, kisha unga juu yake pamoja na mdalasini, na mwisho hamira katika kishimo kidogo kilichochimbwa juu ya unga ili isikutane na chumvi mapema. Dakika kumi baada ya kukanda kuanza, kifuniko kifunguliwe na kinyunya kitazamwe: kikiwa duara laini linalogusa kuta na kuachia, kipimo ni sahihi, kikinata chini kama uji, huongezwa kijiko cha unga, kikigongagonga na kupasuka, huongezwa kijiko cha maziwa. Hakuna hatua nyingine yenye faida kubwa kama hii, ingawa vijitabu vingi vya mashine huipitia kwa sentensi moja.

Mkunjo hufanywa kabla ya mwumuko wa mwisho. Kinyunya hutolewa, mkono wa kukandia huondolewa, kinyunya husukumwa kwa kifimbo cha chapati mpaka kiwe mstatili wenye upana wa chombo, hupakwa ute wa yai, na juu yake hunyunyizwa gramu 50 za sukari ya kahawia iliyochanganywa na vijiko viwili vya chai vya mdalasini na kijiko kimoja cha unga. Ute wa yai una kazi maalumu, kwani siagi ikipakwa hapo huyeyuka na kuyatenganisha matabaka, na mkate ukikatwa huonekana una mapango, ilhali ute huyagandisha na ule unga kidogo hunywa maji yanayotokana na sukari. Kinyunya kikishakunjwa na kubanwa miisho, hurudishwa chomboni na mashine huachwa iendelee, ganda likipangwa kuwa jepesi, kwa sababu sukari na protini za maziwa hubadilika rangi upesi kwa mmenyuko uliofafanuliwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912.

Umeme ni suala linalohitaji uangalifu tofauti. Tanzania hutumia volti 230 na hezi 50, na mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani la volti 100 au la Marekani la volti 120 huungua ikichomekwa moja kwa moja, hivyo mnunuzi wa vifaa vilivyotumika asome kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Matumizi yenyewe ni madogo. Mkate mmoja hauli uniti nzima ya LUKU. Shida ni kukatika kwa umeme, kwani mashine nyingi hukumbuka zilipofikia kwa dakika chache tu. Ukikatika wakati wa kukanda, kazi huanzwa upya pasipo hasara. Ukikatika wakati wa kuumuka au kuoka, mkate unaweza kuokolewa kwa mkaa.

Kwa hakika, katika kaya nyingi za ukanda huu njia ya busara ni kuitumia mashine kwa kukanda na kuumua peke yake, kwa kuchagua programu ya kinyunya ambayo huisha kwa saa moja na nusu hivi, kisha kuoka kwa moto wa juu na chini uliozoeleka katika kuoka keki na mkate wa kumimina. Kinyunya kilichokunjwa huwekwa kwenye sufuria nzito iliyopakwa siagi, huumuka tena mpaka kikaribie kuwa maradufu, kisha hufunikwa na kuwekewa makaa mengi juu ya kifuniko na machache chini kwa dakika 30 hadi 40. Mwenye kipimajoto cha chakula atoe mkate katikati yake panapofika nyuzi 90 hadi 93. Geita maji huchemka katika nyuzi 96 hivi, na anayesubiri nyuzi 98 zinazotajwa katika baadhi ya vitabu ataukausha mkate bila kuzifikia.

Kuna nafasi pia kwa zao linaloheshimiwa na Wasukuma. Viazi lishe, yaani viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa na utajiri wa beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, vilikwisha kuingia katika mkate wa kibiashara nchini Kenya, ambako maduka ya Tuskys yalianza kuuza mkate wenye rojo la viazi hivyo mwaka 2015. Katika vipimo vya hapo juu, gramu 120 za viazi vilivyochemshwa na kupondwa laini huchukua nafasi ya gramu 30 za unga na mililita 90 za maziwa, kwa kuwa robo tatu ya uzito wake ni maji, na sukari hupunguzwa hadi gramu 30. Mdalasini hupatana na kiazi vizuri mno, na mkate huo hubaki laini siku moja zaidi kuliko wa ngano tupu.

Mkate ukitoka motoni huachwa juu ya wavu kwa saa moja kabla ya kukatwa, muda ambao wanga hutulia na mvuke hutoka. Kwa kuwa hauna dawa ya kuzuia ukungu, katika miezi ya mvua hudumu siku tatu au nne ndani ya mfuko uliofungwa. Sinamaldehaidi iliyomo huuchelewesha ukungu kidogo, ingawa si kiasi cha kuaminiwa. Jokofu halifai, maana baridi yake huharakisha wanga kujipanga upya na kukakamaa. Slesi zinazotakiwa kukaa zaidi ya hapo hugandishwa kwenye friza, na hupashwa moja kwa moja kwenye kikaango kikavu bila kuyeyushwa kwanza.