Saa Nane ya Nani?

Mwaka jana bibi alikuja kukaa nasi Upplands Väsby kwa miezi mitatu. Alipokaribia kurudi Tanga, daktari wa huku akampa karatasi ya dawa zake za presha, yote kwa Kiswidi. Kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma chuo, nikaambiwa niifasiri kwa Kiingereza ili wahudumu wa kule waielewe. Nilikaa meza ya jikoni kama nusu saa hivi, nikaona kazi imekwisha. Mstari wa dawa kubwa niliuandika hivi: "1,5 tablets at 8".

Maneno mawili na tarakimu tatu, na ndani yake makosa mawili.

La kwanza shangazi aliliona mapema. Alipiga simu siku ile ile bibi alipofika. "Mwanangu, hii moja, halafu mkato, halafu tano, ni kidonge kimoja au vitano?" Kiswidi huweka mkato pale ambapo Kiingereza huweka nukta. Kidonge kimoja na nusu huku ni 1,5. Kwa Kiingereza, na katika madaftari ya hesabu ya Tanzania, ni 1.5. Nilimweleza, nikaomba radhi, nikashukuru kwamba aliuliza.

La pili hakuna aliyeliuliza, kwa sababu lilionekana wazi kabisa. Nane ni nane. Kwa wiki tatu bibi alimeza dawa yake ya asubuhi saa nane mchana, baada ya chakula, bila kukosa hata siku moja. Iligundulika alipokwenda kupimwa, daktari akamuuliza mbona dawa ya asubuhi anainywa mchana. "Mjukuu wangu ameandika," akajibu. Bibi hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tangu siku hiyo nimekuwa msumbufu wa namba. Wenzangu wa chama chetu wanaopanda nami treni ya Uppsala wanalijua hilo, maana huwasomea makosa ya magazeti njia nzima.

Saa ndiyo kesi ngumu kuliko zote kwetu sisi tuliokulia huku. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na karibu na ikweta jua halina mchezo: mwaka mzima linachomoza karibu wakati ule ule. Ingezaliwa Väsby saa hiyo isingefika mbali. Desemba hapa jua hutoka karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa mchana. Juni linachomoza usiku wa manane, kwa hesabu yoyote ya mtu mwenye usingizi. Halafu Waswidi nao wana nusu yao. Wakisema "halv tre" wanamaanisha nusu ya kuelekea tatu, yaani 14:30. Mwingereza akisema "half two" anamaanisha wakati huo huo. Nasi tunasema saa nane na nusu. Tatu, mbili, nane, na treni ni ile ile moja. Ukiandika Kiingereza, achana na "half" kabisa: andika "2:30 p.m." au "14:30". Na kama msomaji wako yuko nyumbani, ongeza saa ya Kiswahili kwa maneno, pamoja na asubuhi, mchana au usiku.

Tarehe zina mtego wake. 3/4 ni tarehe tatu Aprili kwa mtu wa Tanga na tarehe nne Machi kwa Mmarekani. Waswidi huanza na mwaka, 2024-04-03, na kwa hili nawapa maksi zote. Katika sentensi ya Kiingereza taja mwezi kwa jina, "3 April 2024", ugomvi uishe.

Kwa namba kubwa, tahadhari na bilioni. Bilioni ya Kiswahili ni sawa na "billion" ya Kiingereza cha leo, milioni elfu moja. Waswidi huiita "miljard". "Biljon" yao ni milioni mara milioni, ile tunayoiita trilioni tunaposoma bajeti ya Tanzania. Waingereza wenyewe walihesabu kama Waswidi hadi serikali yao ilipohamia hesabu ya Kimarekani mwaka 1974, kwa hiyo kitabu cha Kiingereza cha zamani kisome kwa uangalifu. Laki haina neno moja la Kiingereza huku. Laki mbili andika 200,000, kwa mkato, si kwa nafasi kama Waswidi wanavyofanya, wala si kwa nukta.

Bei ndizo zinazonifurahisha. Duka la Väsby huandika 50:- na duka la Tanga huandika 50/=. Alama hazifanani, lakini zote zinasema hakuna senti za ziada.

Kuna sheria za Kiingereza ambazo walimu hurudia: usianze sentensi kwa tarakimu, "twenty-one" iwe na kistari, namba ndogo hadi tisa au kumi ziandikwe kwa maneno. Hadi tisa au hadi kumi? Vitabu havikubaliani, chagua moja ushikamane nayo. Lililo muhimu zaidi ni namba mbili zinapogusana. Sisi tunatanguliza nomino, tunasema madumu mawili ya lita 5, na namba hazikutani. Kiingereza huzipanga zote mbele: "2 5-litre cans", na jicho linasoma 25. Ya kwanza iandike kwa maneno, "two 5-litre cans". Kwenye dawa usiandike ".5" bila sifuri mbele, nukta ikififia inakuwa tano, wala usiandike "5.0", itasomeka hamsini.

Karatasi ya bibi niliiandika upya: "One and a half tablets every morning at 8:00 a.m.", na chini yake, kidonge kimoja na nusu, saa mbili asubuhi. Shangazi ameibandika kwenye mlango wa kabati.

Jumapili iliyopita nilimwambia bibi nitampigia saa mbili. Akanyamaza kidogo.

"Yenu au yetu?"