Chumvi Ndani ya Ukuta: Sayansi ya Lipu Inayobanduka Katika Nyumba za Pwani

Katika miji ya kale ya mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Mji Mkongwe wa Unguja, ni nadra kukosa nyumba ambayo lipu yake imevimba, ikapasuka na kubanduka sehemu ya chini ya ukuta, huku unga mweupe ukijitokeza pale ilipobanduka. Tiba iliyozoeleka ni kubomoa lipu hiyo na kupiga nyingine, nene zaidi na yenye saruji nyingi zaidi, kwa imani kwamba ile ya kwanza ilikosa nguvu. Baada ya masika moja au mbili maradhi hurudi, na mara nyingi hurudi juu zaidi ya pale yalipokuwa. Kurudi huko hakutokani na uzembe wa fundi peke yake, bali hutokana na jinsi maji, chumvi na vifaa vya ujenzi vinavyofanya kazi ndani ya ukuta. Na mwenye nyumba anayeelewa jinsi hiyo huokoa fedha, na pengine huuokoa ukuta wenyewe.

Ukuta uliojengwa kupumua

Nyumba za kale za miji hiyo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo ni mabaki ya viumbe wa baharini yaliyogandamana kwa maelfu ya miaka na ambayo kwa sehemu kubwa yalichimbwa nchi kavu. Waashi waliyashikanisha kwa mchanganyiko wa udongo mwekundu na chokaa, wakainua kuta zenye unene wa nusu mita au zaidi, kisha wakazisiriba kwa chokaa. Jiwe la tumbawe limejaa vitundu vidogo, na chokaa nayo ina vitundu vyake, kwa hiyo unyevu ulioingia ukutani uliweza kutoka tena ukiwa mvuke, bila kukuta kizuizi njiani.

Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma mawe yaleyale ya matumbawe katika tanuu la magogo. Tumbawe kwa kiasi kikubwa ni kalsiamu kaboneti, na likipata joto la kiasi cha nyuzi 900 za selsiasi hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa hai, ambayo ikimwagiwa maji huchemka kwa nguvu na kugeuka chokaa iliyozimwa. Lipu ya chokaa hiyo inapopigwa ukutani hunyonya hewa ya ukaa kutoka angani polepole, kwa wiki na miezi, hadi irudie kuwa kalsiamu kaboneti kama ilivyokuwa kabla ya kuchomwa. Ukuta na lipu yake, kwa maneno mengine, ni kitu kimoja kikemia, na ndiyo maana tabia zao mbele ya joto na unyevu hazipishani sana.

Maji hupanda, chumvi hubaki

Maji ya ardhini hupanda ukutani kwa njia ileile ambayo utambi wa taa huvuta mafuta: kimiminika kikiwa ndani ya kitundu chembamba huvutwa juu na kuta za kitundu hicho, na kadiri kitundu kinavyokuwa chembamba ndivyo kimiminika kinavyoweza kupanda zaidi. Katika kuta nyingi maji hufikia kimo cha mita moja hivi, mahali ambapo kiasi kinachopanda hulingana na kiasi kinachokauka usoni mwa ukuta. Nyumba za kale hazikuwekewa tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, kwa hiyo mwendo huo ni wa kudumu, na ukuta ulikaa salama kwa sababu tu kilichoingia kilitoka.

Maji hayo hayapandi matupu. Hubeba chumvi kutoka ardhini, na karibu na bahari huongezewa chumvi ya upepo wa pwani pamoja na ile iliyoletwa na mchanga wa ufukweni uliotumika kujengea. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki nyuma na kujenga fuwele, yaani chembe ngumu zenye umbo maalumu, ambazo zikikua ndani ya kitundu hukisukuma kwa nguvu inayoweza kuvunja jiwe.

Chumvi ya kawaida ina tabia nyingine inayoifanya iwe na madhara zaidi mwambaoni. Unyevuanga, yaani kiasi cha mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na kiasi cha juu kabisa ambacho hewa yenye joto hilo inaweza kubeba, unapopita asilimia 75 hivi, chumvi hunyonya mvuke huo na kuyeyuka yenyewe. Unaposhuka chini ya hapo hukauka na kuwa fuwele tena. Hewa ya pwani mara nyingi huvuka kiwango hicho usiku na kushuka chini yake mchana wa jua na upepo, kwa hiyo fuwele zinaweza kuyeyuka na kukua upya siku baada ya siku, zikiusukuma ukuta kila zinapokua. Hapo ndipo linapofumbuka fumbo la ukuta unaolowa ilhali mvua haijanyesha na hakuna bomba lililopasuka.

Kosa la saruji

Saruji ya Portland, ambayo hataza yake ilitolewa kwa Joseph Aspdin nchini Uingereza mwaka 1824, ni kifaa bora katika zege la msingi na nguzo, lakini hailingani na ukuta wa matumbawe. Lipu yake ni ngumu, haikunjuki pamoja na ukuta ulio laini kuliko yenyewe, na hupitisha mvuke kwa shida. Ukuta unapocheza kidogo kwa sababu ya joto, lipu hupata nyufa nyembamba zinazoingiza maji ya mvua lakini zisizotosha kuyatoa. Unyevu unaotoka ardhini nao, ukiwa umezibiwa njia ya kutokea, huendelea kupanda hadi juu ya mpaka wa lipu mpya, na chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, ndani ya jiwe lenyewe. Lipu inapobanduka hatimaye, huondoka na uso wa jiwe. Rangi ya mafuta huleta hasara kama hiyo, kwa kuwa nayo huufunika ukuta kwa ngozi isiyopitisha mvuke.

Uchunguzi kabla ya tiba

Kabla ya kuondoa hata kipande kimoja cha lipu, inafaa kujua maji yanatoka wapi. Unyevu unaopanda huacha mstari wa mlalo usiozidi sana kimo cha mita moja. Unyevu wa paa au mfereji mbovu huanzia juu na kuongezeka baada ya mvua. Unyevu wa bomba huwa na doa moja linalokua bila kujali majira, na katika nyumba za kale hutokea zaidi karibu na vyoo na mabafu yaliyoongezwa baadaye. Penye shaka, kipande cha plastiki angavu kinaweza kubandikwa ukutani kwa utepe pande zote na kuachwa kwa siku moja au mbili: matone yakijitokeza upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta, yakijitokeza upande wa chumbani, yanatoka hewani.

Tiba hufuata matokeo ya uchunguzi huo. Kwanza huzibwa vyanzo vya maji: mifereji husafishwa, mabomba hurekebishwa, na ardhi ya nje iliyoinuliwa kwa kifusi au kwa sakafu zilizorundikwa moja juu ya nyingine hushushwa ili isiuegemee ukuta. Kisha lipu ya saruji huondolewa kwa uangalifu hadi kiasi cha nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Chumvi inayojitokeza hupigwa brashi kavu na kuzolewa, wala haioshwi, kwa sababu maji huiyeyusha na kuirudisha ndani ilikotoka.

Hatua inayofuata ni subira. Kwa makadirio ya waashi wengi, ukuta huhitaji mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene ili ukauke, hivyo ukuta wa nusu mita unaokaukia pande mbili, yaani sentimita 25 kila upande, unaweza kuchukua miezi kumi. Wenye nyumba wachache wanaweza kungoja muda huo, na hapa ndipo chokaa inapoonyesha faida yake, kwani lipu yake inaweza kupigwa juu ya ukuta ambao bado una unyevu kidogo, nao ukaendelea kukauka kupitia lipu hiyo. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu moja ya chokaa iliyozimwa kwa sehemu tatu za mchanga wa mtoni au wa shimoni uliooshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Hupigwa kwa matabaka membamba, kila moja likiachwa lishike kabla ya jingine, na hukingwa dhidi ya jua kali na kunyunyiziwa maji, kwa maana chokaa ikikauka haraka hubaki unga. Umaliziaji wake ni niru au chokaa ya kupaka, si rangi ya mafuta. Fundi anapaswa kuvaa glavu na miwani, kwa sababu chokaa huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho.

Nyumba mpya za matofali ya saruji zina kanuni zake, ingawa adui ni yuleyule. Karatasi nzito ya plastiki au ya lami huwekwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza, na mchanga wa baharini huepukwa kabisa katika zege lenye nondo, kwa kuwa kloridi iliyomo katika chumvi huharibu utando unaoilinda nondo, na kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulipasua zege kutoka ndani.

Chokaa nayo ina gharama zake: kuichoma hula kuni nyingi, na kukata matumbawe hai baharini huharibu makazi ya samaki. Kwa ajili hiyo matumizi yake ya busara ni katika kutengeneza kuta za kale, zisizokubali kitu kingine. Hata hapo, lipu ya chokaa itaanza kuchakaa baada ya miaka kadhaa, kwa kuwa chumvi itajikusanya ndani yake na kuimomonyoa. Hilo halipaswi kuhesabiwa kuwa kushindwa. Lipu inayomomonyoka huondolewa pamoja na chumvi yake na kupigwa nyingine, ilhali jiwe lililoliwa nyuma ya lipu ya saruji haliwezi kurudishwa.