Jino limeharibiwa, bili ya bima si ya kweli: uanzie wapi?

Ulienda kuzibwa jino moja. Wiki mbili baadaye fizi imevimba, na ujumbe wa bima unaonyesha ulitibiwa mizizi ya meno mawili. Hayo ni malalamiko mawili, na nchini Kenya kila moja lina mahali pake.

Kabla ya daktari mwingine kulirekebisha jino, mwombe alipige eksirei na aandike alichokikuta. Likishazibwa upya, ushahidi umekwisha. Kisha iombe kliniki ya kwanza nakala ya faili lako na fomu ya madai. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako. Je, uliitia fomu sahihi kabla haijajazwa? Wengi hufanya hivyo pale mapokezini. Bado unaweza kulalamika.

Kazi mbovu iripoti kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), linaloweza hata kusimamisha leseni. Kuhusu bili, iandikie kampuni ya bima, na isipokujibu, Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA). Usinyamaze eti bima ndiyo iliyolipa: pesa hizo hukatwa kwenye kiwango chako cha mwaka.

Fidia hudaiwa mahakamani. Kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na muda huo hausimami ukisubiri uamuzi wa Baraza. Kama unadai tu kurudishiwa pesa zisizozidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo itakusikiliza hata bila wakili.